Wasifu wa LinkedIn hutafutwa kabla ya kusomwa

Mtu wa ajira anayesaka developa jijini Nairobi haanzi kwa kusoma wasifu wa mtu yeyote. Anafungua LinkedIn Recruiter, toleo la kulipia lililotengenezwa kwa ajili ya kazi yake, anaandika "backend developer" OR "backend engineer" (mjenzi wa sehemu ya mfumo ambayo mtumiaji haioni), anaongeza zana kama Python na Django, anawaondoa wenye neno intern, anachagua mji, kisha orodha inatokea. Kama maneno hayo hayamo kwenye wasifu wako, nawe humo kwenye orodha, hata uwe fundi kuliko wote waliotokea.

Kwa hiyo anza na mstari ulio chini ya jina lako. Unabeba herufi 220, nafasi zikihesabiwa. Wengi huujaza "Tech Enthusiast | Lifelong Learner | Problem Solver", maneno ambayo hakuna anayeyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Weka kwanza cheo kinachotafutwa, halafu zana tatu au nne unazozimudu, halafu eneo la kazi: "Backend Developer | Python, Django, PostgreSQL | M-Pesa Daraja API" (Daraja ni njia ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa). La maana litangulie, maana kwenye simu mkia hukatwa.

Kuna tatizo moja la huku kwetu. Ofisi nyingi, hasa za umma, humwita kila mtu Afisa TEHAMA, hata kama kazi yake ya kila siku ni kujenga mifumo. Ukiandika "ICT Officer II" peke yake, anayetafuta developa hatakuona. Andika "ICT Officer – Backend Developer": cheo cha mkataba kipo, na kazi yenyewe ipo. Usijipachike "Senior" ambayo hukupewa; mwajiri mpya atakapompigia mkubwa wako wa zamani, neno hilo ndilo litakalokuangusha.

Mahali nako ni chujio. Andika Dar es Salaam, Arusha au Kisumu, usiishie kwenye jina la nchi. Wanaotaka kazi za mbali wasidanganye kuwa wako Berlin. Wachague "Remote" kwenye mipangilio ya Open to Work, alama ya LinkedIn ya kusema unatafuta kazi, na kutaja UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, kwenye maelezo yao. Saa zetu ziko mbele ya Berlin kwa saa moja majira ya joto na mbili majira ya baridi, na hilo kwa timu ya Ulaya ni sifa.

Hiyo Open to Work ina sura mbili. Moja huweka duara la kijani kwenye picha na kila mtu anaona. Nyingine huonekana na waajiri wanaotumia Recruiter tu. Kama una kazi, chagua ya pili, lakini ujue kwamba LinkedIn hujaribu kukuficha kwa waajiri wa kampuni yako bila kutoa hakikisho. Unaruhusiwa kutaja vyeo hadi vitano; vitumie kuweka majina tofauti ya kazi ileile, kama Backend Engineer, Python Developer na Software Engineer. Na kabla ya kuufumua wasifu wote, zima kitufe cha kuwaarifu watu wako, la sivyo bosi atapata habari kabla hujamaliza kuandika.

Sehemu ya About inaruhusu herufi 2,600, lakini mistari michache ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi. Salamu na ndoto za utotoni zisiimeze. Sema unajenga nini, kwa zana gani, kwa watumiaji wa aina gani. Chini ya kila kazi, "Responsible for maintaining systems" haimwambii mtu kitu. Eleza kilichobadilika: malipo yaliyokuwa yakilinganishwa kwa mkono sasa yanalinganishwa yenyewe kila usiku, ripoti iliyochukua dakika nne inafunguka kwa sekunde kumi baada ya kuongeza indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji) kwenye jedwali la kanzidata. Tarakimu iwe ile unayoweza kuitetea ukiulizwa uliipimaje. Orodha ya ujuzi nayo isigeuke kabati la mitumba. Word na Excel havimsaidii mwandishi wa Python.

Ukishaonekana, mkuu wa timu ya ufundi ataifungua GitHub yako, ukurasa wa mtandaoni unapoweka kodi, na hapa ndipo wengi huharibu. Unaweza kubandika ripo (miradi ya kodi) sita juu ya ukurasa. Mbili zilizokamilika zinatosha kuliko sita za mazoezi ya kozi. Kila moja iwe na README, faili la maelezo, inayosema mfumo unafanya nini, unawashwaje, na kiungo cha kuujaribu kama upo. Kama vile viboksi vya kijani vinavyoonyesha siku ulizochangia kodi havijai ingawa unafanya kazi kila siku, angalia mambo matatu: barua pepe iliyo kwenye git (programu inayotunza historia ya kodi) ya kompyuta yako imesajiliwa kwenye akaunti ya GitHub? Kazi imefika kwenye tawi kuu? Au uliisukuma kwenye fork, yaani nakala yako ya ripo ya mwingine, ambako haihesabiwi?

Kosa baya kuliko yote ni siri zilizosahaulika ndani ya kodi. Consumer key na consumer secret (funguo za kuingilia) za Daraja, nywila ya kanzidata, faili zima la .env linalobeba siri hizo. Kulifuta faili kwa komiti mpya (badiliko jipya lililohifadhiwa kwenye git) hakuondoi kitu, kwa kuwa historia bado inalo na anayejua git atalichomoa. Batilisha funguo hizo kwanza, toa mpya, ndipo usafishe historia na kuiweka .env kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo git huziruka. Mkaguzi akikuta ufunguo unaofanya kazi, hatasoma mstari mwingine.

Ujumbe ukianza kuingia, jibu ndani ya siku moja na uulize mapema: kiwango cha mshahara ni kabla au baada ya makato, kwa sarafu gani, ni ajira au mkataba wa kujitegemea, hatua za usaili ni ngapi. Anayekwepa swali la mshahara mara mbili, mwache aende.

Anayeomba ada ya usajili au ya "uchunguzi wa nyaraka" ni tapeli. Mwingine ni mjanja zaidi: anajifanya mwajiri, anakutumia ripo ya "jaribio" na kukuharakisha uiendeshe. Amri ya npm install, inayosakinisha vifurushi vya miradi ya JavaScript, inaweza kuendesha skripti zilizofichwa papo hapo na kuiba nywila zilizo kwenye kivinjari au pochi ya sarafu za kidijitali. Soma package.json, faili linaloorodhesha vifurushi na amri za mradi, kwanza, hasa sehemu ya scripts, na hata ukiiona safi, endesha kodi ya mgeni ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) isiyo na akaunti zako.