Gigabaiti 360 kwa saa, na usiku mmoja Wete

Siku hizi mtu akinipigia kuhusu kazi ya 6K (video yenye upana wa pikseli elfu sita hivi), kabla hatujafika kwenye malipo yangu namuuliza: diski umeziweka kwenye bajeti? Wengi hujibu, "Hizo tutaona mbele ya safari, dada." Basi sisi tuliona, Pemba, wakati wa filamu ya makala kuhusu karafuu.

Siku 9 za kupiga picha, kamera Blackmagic Pocket 6K. Niliitwa kama mhariri, lakini fungu la mtu wa data, yule wa kukopi na kutunza picha za kamera, halikuwepo, hivyo nikaambiwa niende nao: usiku nikopi, mchana nianze kuhariri. Aliyepanga ratiba ile nadhani hajawahi kukopi kitu kizito kuliko video ya harusi.

Hesabu niliifanya ndani ya boti, nyuma ya tiketi. Fremu moja ya 6K ni pikseli 6144 kwa 3456, zaidi ya milioni 21. Kila pikseli ina biti 12, kwa hiyo fremu moja tu ni karibu megabaiti 32 kabla haijabanwa. Zidisha kwa fremu 25 za sekunde moja, unakaribia megabaiti 800. Kamera inabana kwa kiwango unachokichagua, na mpiga picha wetu alishakaza kwamba anataka 3:1, yaani data ibanwe hadi theluthi tu, "kwa ajili ya ubora". Nikamwonyesha tiketi: 3:1 ni zaidi ya gigabaiti 950 kwa saa, na SSD za kamera, diski zake za kurekodia, tunazo tatu za terabaiti moja moja. Akanuna hadi tunaiona bandari ya Mkoani, kisha akakubali 8:1. Hiyo ni megabaiti 100 kwa sekunde, gigabaiti 360 kwa saa. Saa mbili za picha kwa siku, siku 9, terabaiti 6 na nusu. Nakala mbili, 13.

Nilikuwa na diski moja kubwa ya mezani, ile yenye adapta yake ya umeme, na vidiski viwili vya mfukoni. Hivi vya mfukoni vina tabia yao. Unaanza kukopi, kinakimbia megabaiti 120 kwa sekunde, unafurahi, unaenda kuoga. Ukirudi kiko 30. Vingi vya aina hiyo, data yake huandikwa kwa mistari iliyolaliana kama makuti ya paa: ukitaka kugusa kuti la chini, lazima kwanza uinue yaliyolala juu yake. Kwa faili ndogo huoni tofauti. Mwagia gigabaiti 700 kwa mkupuo, utaona.

Usiku wa siku ya nne tulikuwa gesti, Wete. Saa saba umeme ukakatika. Laptop ina betri, kwa hiyo yenyewe haikushtuka. Mstari wa kukopi ulibaki palepale kwenye skrini kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilichosikia ni feni la dari likipunguza mwendo, na chini ya feni, mlio mwembamba wa diski ya mezani ikizunguka polepole hadi ikanyamaza. Ilikuwa katikati ya kuandika.

Diski ile nilikuwa nimeifomati kwa exFAT, mpangilio wa kuhifadhi faili, ili isomeke kwenye Mac na Windows bila maneno. Ubaya wa exFAT ni kwamba haina daftari la pembeni la kuandika inachotaka kufanya kabla haijakifanya. Ukiikatisha njiani, ikiamka haijui ilikuwa imefika wapi. Umeme uliporudi saa tisa, folda ya siku ya nne ilikuwa na majina ya faili zote, na kila faili ni baiti sifuri. Folda ya siku ya tatu haikufunguka kabisa. Ya siku ya tatu ilikuwepo kwenye kidiski cha mfukoni, alhamdulillahi. Ya siku ya nne ilikuwa kwenye SSD ya kamera peke yake.

Saa kumi alfajiri mlango ukagongwa. Mpiga picha.

"Dada, nipe SSD. Wachumaji wanaingia shambani sasa hivi."

"Kaka, hii hapana."

"Si ulikopi?"

"Nilikopi. Imekufa."

Alikaa kitandani kwangu na viatu vyake vya matope, akashika kichwa. SSD ya pili nayo ilikuwa imejaa picha za jana hiyohiyo. Ya tatu ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 200. Nikamwambia aweke 12:1, atapata dakika 50. Akasema dakika 50 ni za kijana mmoja kupanda mkarafuu mmoja. Nikamwambia basi apige kama mtu aliyeinunua kila sekunde kwa pesa yake. Aliondoka bila kuaga, na mlango wa gesti ile haukuwa mlango wa kubamizwa.

Tangu usiku ule SSD iliyojaa naifunga kwenye pindo la kanga, kama mama alivyokuwa anafunga hela ya sokoni, na kiunoni kwangu haitoki mpaka kuwe na nakala mbili zilizohakikiwa. Kuhakikiwa si kulinganisha ukubwa wa folda. Faili zangu za Wete nazo zilikuwa na majina yote. DaVinci Resolve, programu ninayohariria, hata ile ya bure, ina Clone Tool: inasoma chanzo, inasoma nakala, inalinganisha alama za hesabu (checksum) zinazotokana na yaliyomo ndani ya kila faili. Inakula muda karibu mara mbili, na ndiyo maana mtu wa data lazima awe na usiku wake na usingizi wake wa mchana. Diski ya mezani sasa iko kwenye UPS ndogo, ile betri inayoshika umeme ukikatika, na exFAT nimeiachia vitu vya kubebea tu.

Nyumbani Sinza mambo yalikuwa mepesi. Mashine yangu ni Mac mini, na sikuijaribu kwa kuihariri 6K yenyewe. Niliiacha siku mbili itengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, za ProRes za 1080, karibu gigabaiti 17 kwa saa. Saa 18 za Pemba zikaingia kwenye SSD moja ya mfukoni na nafasi ikabaki. Nilihariri nayo popote, hata kwenye foleni ya saluni. Diski kubwa zilikaa kabatini zimezimwa hadi siku ya kusahihisha rangi.

Kasoro ilitoka kwa mtayarishaji. Alikuja kuchukua nakala ya picha, akaona majina ya kamera hayana maana, akakaa jioni nzima akizibadilisha kwa moyo safi: "Bibi anachambua makonyo", "Majamvi barabarani 2". Kumbe diski aliyoishika ndiyo niliyokuwa nategemea kurudia faili za asili. Nilipoiunganisha tena, taimulaini yote ya uhariri ikawa nyekundu: programu haikuzipata faili. Kuyarudisha majina kulinichukua siku moja na nusu, klipu kwa klipu, kwa kufuata saa iliyoandikwa ndani ya faili. Sikumgombeza. Nilimtumia ankara.

Kwenye rangi nilimwita mpiga picha, nikampitishia picha za asubuhi zote bila kumwambia kitu, nikamwomba anionyeshe zile za 12:1. Alitazama kwa makini, akaomba kurudisha nyuma mara mbili, akachagua za siku ya sita. Za siku ya sita zilikuwa 8:1.

Nakala moja ya kila kitu iko hapa Sinza, nyingine kwa mtayarishaji, ambaye sasa ameapa hagusi majina. Ya tatu niliipeleka Tanga, kwa mama, kabatini chini ya vitenge vyake, ndani ya mfuko wa plastiki wenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kila nikienda naiwasha, nafungua klipu mbili tatu, naizima. Wiki iliyopita alinipigia akihamisha kabati.

"Hiki kidude chako," akasema, "nikilaze au nikisimamishe?"