Siku yangu kwenye kliniki ya watoto wenye migongo iliyopinda, Unguja

Saa 11 alfajiri nimeshaamka. Nasali, nakunywa chai kwa boflo la jana, kisha napanda daladala ya Bububu kwenda mjini. Leo ni siku ya migongo. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, kisu sishiki. Napima, nafundisha mazoezi ya kupumua, naeleza. Kueleza ndiko kunakonimalizia siku.

Saa 2 asubuhi benchi limejaa. Wa Pemba walishuka melini jana, wakalala kwa jamaa zao.

Wa kwanza ni mtoto wa kiume wa miezi 20. Mamake aliona akimkogesha: ubavu mmoja umetuna, bega limeshuka. Majirani wakamwambia mifupa ya mtoto bado mibichi, amkande kwa mafuta ya nazi, itanyooka. Simlaumu hata kidogo. Wapo wachanga ambao migongo yao hunyooka yenyewe kweli, lakini kwa macho humjui yupi ni yupi. Lazima eksirei. Uti wa mgongo ukipinda kuanzia digrii 10 tunauhesabu kuwa umepinda. Wa mtoto huyu ni digrii 41.

Daktari wa mifupa akamwandikia rufaa ya Dar es Salaam, akafungwe plasta ya kiwiliwili. Plasta hiyo hufungwa mtoto akiwa amelazwa kwa nusukaputi, hukaa miezi kadhaa, hufunguliwa, hufungwa nyingine kubwa zaidi. Mama akaanza kulia. Nikakaa naye kwenye benchi nikamweleza habari za Min Mehta, daktari aliyefanya kazi hii Uingereza miaka mingi. Mwaka 2005 alitoa matokeo ya watoto 136. Kundi la watoto 94, walioanza plasta wakiwa na umri wa wastani wa miezi 19, migongo yao ilinyooka. Kundi la pili la 42 walianza kwa wastani wa miezi 30; plasta iliwapunguzia tu, haikuwaponya.

"Wangu ana 20," akasema. Akafuta machozi, akauliza boti ya Dar inaondoka saa ngapi.

Saa 4 anaingia msichana wa miaka 7 na bibi yake kutoka Wete. Huyu plasta haikumfaa, alikuja amechelewa. Alitiwa vyuma vya mgongoni India miaka miwili nyuma, na nauli ilitoka kwenye karafuu za bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo nina swali, usinifiche. Kwa nini hawakumnyoosha mara moja tukamaliza? Kila miezi sita apasuliwe tena, mtoto mdogo hivi!"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na lina haki ya kujibiwa kwa utuo. Mtu mzima hunyooshwa, pingili za uti zikaungwa zikawa mfupa mmoja, basi. Mtoto akiungwa hivyo, sehemu ile hairefuki tena. Na nyuma ya mbavu kuna mapafu. Vifuko vyake vya hewa huongezeka sana mpaka karibu miaka 8, vinataka nafasi. Uti wa mtoto hurefuka zaidi ya sentimita 2 kwa mwaka hadi miaka 5, halafu kama sentimita 1 kwa mwaka hadi 10. Ukiuzuia mapema, anabaki na mgongo ulionyooka na pumzi fupi. Madaktari wanataka sehemu ya kifua, kutoka pingili yake ya kwanza hadi ya 12, ifike walau sentimita 18 kabla hawajaunga. Kwa hiyo vyuma hushikizwa juu na chini tu, katikati huachwa huru, na kila baada ya muda huvutwa kidogo.

Bibi ni mshonaji. Alinyamaza, kisha akasema: "Kumbe kama gauni la Idi. Naliachia pindo nene ndani, Idi ya pili nafumua nashusha."

Ndivyo hasa, bibi. Miaka yote hii sijapata mfano mzuri kama huo.

Lakini sikumficha, maana aliniomba. Vyuma hukatika, cha mjukuu wake kilikatika mwaka jana. Vidonda huingia wadudu. Na kila mvuto hutoa kidogo kuliko uliotangulia, kwa sababu uti unakakamaa. Vipo vyuma vya sumaku vinavyorefushwa kutoka nje bila kupasua, ila bei yake familia kama hii haiigusi, na jambo hilo linaniuma.

Nikampima mtoto: mabega, nyonga, pumzi. Alipuliza puto mpaka likapasuka, akacheka.

Saa 7 adhuhuri, sala, wali na mchuzi wa papa. Saa 8 mpaka saa 10 ni makaratasi ya rufaa na watoto watatu wa mgongo wazi, yaani waliozaliwa uti haujafunga, ambao nao migongo yao hupinda sana na hawatakiwi kupotea kliniki.

Saa 2 usiku simu inalia. Ni bibi wa Wete, yuko kwa jamaa zake Mwanakwerekwe. Mtoto anataka kurudi chuo cha Kurani, na kule hukaa mkekani wakiinamia Msahafu. Je, aruhusiwe?

Nikamwambia aende. Apewe marufaa ndefu, kile kibao cha kuwekea Msahafu, imfike kifuani, asiiname. Nikasikia anamwita mjukuu wake amwambie.