Kumbukumbu ya mradi wangu: rivolva fupi za mbao

Septemba

Nianze na hili kabla mtu hajaniripoti: mradi ni wa mbao. Nikisema nakusanya rivolva fupi za zamani, yaani bastola za silinda inayozunguka, watu hutazama mlango. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na mimi leseni sina wala sijaomba. Ninachokusanya ni mitambo yake. Naichonga mara tatu ya ukubwa halisi, ubavu mmoja nauacha wazi ili uone vinavyosukumana ndani. Mwenyekiti wa mtaa nilimpelekea mchoro kabla sijagusa patasi. Akauliza kitafyatua nini. Nikamwambia, labda maswali.

Ya kwanza ni Colt Detective Special, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1927. Mtutu wa inchi mbili, silinda yenye matundu sita ya risasi. Nimeichagua kwa sababu michoro ya vipande vyake inapatikana kwa urahisi, nikaichapisha kwenye duka la steshenari kwa karatasi kubwa. Kwa kipimo changu mtutu unakuwa kama sentimita 15 na silinda inafika karibu 11 kwa upana, yaani haiingii mfukoni mwa mtu yeyote. Kijana mmoja alipita karakana akasema, "Njomba, hiyo ya jitu gani?"

Fremu ni mninga. Vyote vinavyosuguana ni mpingo, mabaki ninayouziwa na mzee mchongaji wa Mikindani, mji wa pwani jirani na Mtwara. Anayatenga kwenye ndoo ya maji: kipande kinachozama ni kiini, kinachosuasua kina weupe mwingi, hakifai. Vumbi lake linawasha koo, kwa hiyo barakoa haivuliwi.

Oktoba hadi Desemba

Pesa ya korosho imeingia mitaani, kila mtu anataka kitanda na mlango. Mradi umekaa juu ya kabati.

Januari

Sasa tuko kwenye utamu wenyewe. Watu wakiiona rivolva fupi hushangaa ufupi wa mtutu, kumbe mtutu ni bomba tu. Akili yote iko chini ya nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi.

Ukivuta kifyatulio, mambo yanakwenda kwa zamu. Kwanza komeo dogo chini ya silinda linashuka na kuiachia. Kisha kidole, si cha mkono bali kipande cha ndani ya mtambo, kinapanda na kusukuma jino nyuma ya silinda. Kwa matundu sita kila mvuto unaizungusha silinda nyuzi 60. Komeo linarudi juu mapema, linateleza juu ya ngozi ya silinda mpaka lidumbukie kwenye mfereji wake. Nyundo inaachiwa mwisho kabisa. Zamu hiyo ikivurugika kidogo, tundu halilingani na mtutu.

Kidole cha mninga kilikatika kwa kufuata nyuzi za mbao. Cha mpingo kimesimama. Na hapa ndipo Colt inapojitofautisha: kidole hakipumziki silinda ikishafika, kinaendelea kuibana dhidi ya komeo mpaka nyundo inapigwa. Nikiishika silinda ya mbao kifyatulio kikiwa kimevutwa hadi mwisho, haitikisiki hata kidogo. Uzuri huo una gharama. Ncha ya kidole ndiyo inayobeba kila kitu, na ndiyo inayolika mapema. Yangu tayari ina alama inayong'aa, upana wa punje ya mchele.

Springi kuu ina umbo la V, nimeikunja kwa ukanda wa chuma unaofungia mizigo bandarini. Springi hiyo moja inaipiga nyundo na pia inakirudisha kifyatulio. Mimi ningeweka mbili nilale usingizi, lakini nafuata mchoro.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote hakionekani ukiifunga: kijiti chembamba kinachokaa kati ya nyundo na fremu. Bastola ikianguka, nyundo inagonga kijiti, haifiki kwenye risasi. Kinashuka tu pale kidole cha mtu kinapovuta kifyatulio hadi mwisho. Colt walianza kukitumia mwaka 1905, miaka mingi kabla ya Detective Special. Watoto wa jirani wanapenda kuipiga nyundo kwa kiganja waone ikizuiwa.

Februari

Upande wa shabaha nimeufanyia jaribio kwa leza ya kalamu, ile ya walimu, ukutani nje, jioni. Watu husema mtutu mfupi haulengi. Nimefunga leza juu ya ubao wenye nguzo mbili, kwanza zikiwa sentimita 10 kutoka moja hadi nyingine, kisha 20. Nikasogeza nguzo ya nyuma milimita moja tu. Ukuta uko mita 10. Kwenye nguzo za karibu, nukta ilihama sentimita 10. Kwenye nguzo za mbali, sentimita 5. Basi risasi haina kosa: vilengeo vimekaribiana, na jicho lako likikosea kidogo unalipa mara mbili. Ongeza na mvuto mrefu mzito wa kifyatulio unaotikisa mkono.

Machi

Colt imekamilika, imebaki mafuta ya nazi na msasa laini. Nimeanza ya pili, Smith & Wesson Chiefs Special ya mwaka 1950. Hii ina matundu matano tu, na mtu anaweza kudhani wamebana matumizi. Chora duara uone. Penye matundu sita, tundu la juu linatazamana na tundu la chini, kwa hiyo mfereji wa komeo ukichimbwa chini katikati unaangukia palipo pembamba, ndiyo maana wabunifu huusogeza pembeni. Penye matano, tundu la juu linatazamana na nyama iliyo kati ya mawili. Silinda inakuwa nyembamba na bado ina nguvu. Nimetoboa zote mbili kwa drili na kwenye ile ya matano sikuwa na hofu ya kupasua.

Inazunguka kinyume na Colt pia: ukiitazama kwa nyuma, Colt inafuata saa, hii inaikimbia. Kwa hiyo kidole kinahama upande na mchoro wangu wa zamani haunisaidii chochote.

Baada yake namtaka Mjerumani: M1883, toleo fupi la rivolva ya jeshi lao, milimita 10.6, isiyo na chombo cha kutoa maganda. Unayasukuma moja moja kwa kijiti. Boma la Wajerumani la Mikindani lilijengwa 1895, miaka kumi na miwili baada ya toleo hilo, na mzee wa mpingo anakaa karibu nalo. Nimemwomba anitafutie kipande kinene cha silinda. Amesema bei ni ileile, ila ndoo niende nayo mwenyewe.