Shamba la Pamba katika Kipindi cha Uraia

Ninapofundisha Vita vya Majimaji, huanza na shamba la pamba, ingawa wanafunzi wangu husubiri kwa hamu habari za mganga Kinjikitile Ngwale na maji yake ya Ngarambe, yaliyoaminika kuwakinga wapiganaji dhidi ya risasi. Utawala wa Wajerumani uliwalazimisha wanavijiji wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe (viongozi wa maeneo na wa vijiji walioutumikia utawala huo), kwa ujira mdogo mno, huku mashamba yao ya chakula yakikosa watu wa kuyapalilia. Mwezi Julai 1905, Wamatumbi waling'oa miche ya pamba huko Nandete, na vita vikaenea hadi 1907.

Hapo ndipo ninapoingiza somo la uraia. Huwauliza wanafunzi: akida aliteuliwa na nani, na nani angeweza kumwondoa? Baada ya ubishi mrefu (nami huuacha uendelee, hata kengele ikikaribia kulia), huwapa kazi ya kwenda ofisi ya kijiji au ya mtaa kusoma taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa ubaoni, kisha wamuulize mzazi kama alihudhuria mkutano mkuu ambako taarifa hiyo ilijadiliwa. Wengine hurudi wakisema hawakukuta kitu ubaoni. Jibu hilo nalo huandikwa daftarini, pamoja na tarehe, kwa sababu mwanafunzi wa historia anapaswa kujifunza mapema kwamba kukosekana kwa kumbukumbu pia ni ushahidi, na kwamba mkazi yeyote ana haki ya kuuliza kwa nini.