Siku moja maishani mwangu: nesi wa leba ambaye pia ni katibu wa tawi

Watu wananiuliza sana inbox "dada unapata wapi muda wa mambo ya chama na wewe uko leba", basi nimeamua niandike siku ya jana yote tangu naamka mpaka nalala mjionee wenyewe. Mi ni muuguzi mkunga hapa Morogoro, wodi ya wazazi, hospitali sitaitaja, na ni katibu wa tawi la chama chetu cha wauguzi hapo hapo kazini. Hailipwi. Nasema mapema maana kuna watu bado wanadhani tunakula posho, hakuna posho jamani, kuna soda siku ya mkutano, tena mpaka mhazini awe ameamka vizuri.

Jana ilikuwa siku ya kawaida tu, asubuhi shifti. Kilichokuwa kinaniuma kichwa ni uchaguzi wa tawi, nafasi ya katibu msaidizi haina mgombea hata mmoja na fomu zinafungwa ijumaa.

Saa 11 kasoro alfajiri

Naamka. Mwanangu yuko darasa la pili, namwandalia sare na daftari, dada wa kazi anaamka kupika uji, mi naoga fasta. Simu naiona pale mezani inawaka waka lakini siigusi, nyumbani asubuhi grupu la tawi halifunguliwi, hilo nilishajiwekea. Ukifungua tu unakuta mtu kauliza kitu saa 8 usiku akiwa naiti, unamjibu, anauliza kingine, ukija kushtuka mtoto kachelewa gari la shule na wewe umeungua na uji.

Saa 12 na robo

Daladala kutoka Kihonda. Hii ndo ofisi yangu, nasema kweli, nikipata siti ya dirishani huwa namaliza mambo mengi kuliko mtu mwenye meza yake na kiti cha kuzunguka. Jana nimekuta watu wameuliza mkutano lini wakati tangazo liko juu kabisa ya grupu, mwingine anauliza kupanda daraja (nishasema hiyo ni ya chama cha wafanyakazi, sisi ni chama cha taaluma, lakini mwezi ujao atauliza tena), mwingine anataka kujua pointi zake za CPD (mafunzo ya kujiendeleza kikazi) maana leseni yake inakaribia kuisha na Baraza la Uuguzi na Ukunga bila hizo pointi huhuishiwi. Afu kuna msiba, mwenzetu wa wodi ya watoto kafiwa na mama yake Kilosa.

Zamani hayo yote yangekuwa ya katibu. Aliyenitangulia alikuwa anabeba kila kitu mwenyewe, misiba, michango, barua, wageni, mpaka kwenda kununua maji ya mkutano, na alipomaliza muhula alikuwa hataki hata kusikia neno "ajenda". Sisi tulivyoingia tukagawana. Msiba nimeutuma kwa kamati ya maafa, wao wanajua kiwango cha rambirambi na nani anakwenda kuzika. Pointi nimempeleka kwa mtu wa mafunzo. La daraja sijajibu. Kufika Msamvu nimeshafunga simu na bado nimepata muda wa kusinzia kidogo.

Saa 1:20

Kupokeana zamu. Naiti wanatoa ripoti kitanda kwa kitanda, kuna waliojifungua, kuna mmoja ana presha ya mimba yuko kwenye magnesiamu salfeti (dawa ya kuzuia kifafa cha mimba), kuna ambao njia imefunguka sentimita 5, sentimita 7, na mmoja primi, yaani mimba yake ya kwanza, analia tangu saa 9 usiku. Simu inaingia kwenye kabati na kabati linafungwa. Ukiwa na mama kwenye patografu (chati ya kufuatilia uchungu) mapigo ya mtoto unasikiliza kila nusu saa, uchungu unahesabu kila nusu saa, njia unapima kila baada ya masaa 4, sasa uwe nao watatu peke yako na mwanafunzi mmoja anayekuangalia machoni, hapo uniambie minits za kikao utaandika saa ngapi. Huandiki. Kwa hiyo wale wanaoshauri "tumia muda mdogo mdogo ukiwa kazini" nadhani wao kazi zao zina kompyuta na chai ya kuletewa.

Saa 4 na kitu

Chai kwa zamu, chapati na maharage kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hapa ndo nikaanza kuwinda mgombea. Nikamkuta braza mmoja wa tieta (chumba cha upasuaji), kijana makini, anaongea vizuri, nikamwambia braza gombea katibu msaidizi. "Sista mi sina muda, nasoma digrii." Sawa. Akaingia dada mwingine mkubwa kwangu kidogo, na yeye hana muda, ana watoto. Nikataka kumwambia na mimi sikumwokota wangu ila nikanyamaza, ni dada yangu. Wa tatu ndo akaniudhi, akasema viongozi wa chama wanatafuta majina tu, na huyo huyo ndo wa kwanza kulalamika grupu likikaa siku mbili bila taarifa.

Nikawa nawaza narudi leba. Hii "sina muda" nimeisikia mpaka nimeanza kuizoea sauti yake, na kwa ninavyoona mimi wengi hawadanganyi lakini pia hawajapiga hesabu. Wanaogopa kitu wasichokijua ukubwa wake. Mtu akisikia "katibu msaidizi" anamkumbuka yule katibu wa zamani anavyokimbia na bahasha koridoni, anaona bora akatae kabla hajamezwa. Na sisi tunavyowaomba hatuwaambii kazi yenyewe ni nini, tunawaambia cheo. Hakuna aliyewahi kukaa na mtu akamwambia kwa mwezi itakuchukua jioni moja na asubuhi mbili za daladala, basi.

Saa 6 mchana

Yule primi akajifungua, mtoto wa kike, kalia vizuri, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 kapewa, kondo limetoka zima. Tukadhani tumemaliza. Sista mmoja mdogo, ajira mpya, ndo alikuwa amebaki naye, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, "dada njoo, imefika mia tano." Yaani damu, mililita 500. Alikuwa ameweka ile plastiki ya kukingia damu yenye mistari ya kupimia, hakukadiria kwa macho, alisoma. Mpaka nafika alikuwa ameshaanza kukanda tumbo la uzazi, mwanafunzi kashatumwa dripu, oksitosini nyingine ikaingia, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu ikate) gramu moja taratibu kwa dakika 10, tukamkagua kama amechanika, hakuna, mfuko ukakaza, damu ikakata. Mama anaendelea vizuri, na mwenyewe hajui hata kama tulikuwa na wasiwasi, alikuwa anauliza mtoto ana kilo ngapi.

Sasa huyu mdogo wangu hiyo njia aliipata kwenye kipindi cha tawi. Ule utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, hospitali 80, akina mama zaidi ya laki mbili, ulionyesha kwamba ukipima damu kwa kifaa badala ya macho na ukatoa matibabu yote kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe ndo uanze jingine, madhara makubwa ya kutokwa damu yanapungua kwa asilimia 60. Tuliposoma tukasema hii lazima ifundishwe hapa. Kuna mtu akaomba ukumbi, kuna mtu akambembeleza mwezeshaji aje siku yake ya offu, kuna mtu akashinda stationari anatoa kopi. Sisemi chama ndo kilifanya kazi jana, mikono ilikuwa ya yule binti. Nasema tu kile kipindi hakikuota chenyewe.

Nikawa namwangalia anavyojaza kumbukumbu zake, mwandiko msafi, kila kitu na saa yake. Nikasema moyoni kumbe mtu ninaye humu humu wodini.

Saa 8

Kimya. Nimekula wali maharage uliopoa. Sina la kusimulia hapa.

Saa 9:30

Nimekabidhi zamu, nikapanda kwa metroni, mkuu wetu wa wauguzi. Hii sehemu wenzangu mnaoongoza matawi someni vizuri maana ndo siri yenyewe. Shida yetu sisi sio masaa, shida yetu ni rosta, ratiba ya zamu. Mkutano ukiuweka saa 10 jioni, wa jioni wako wodini, wa naiti wamelala, wa offu wako Mvomero wanalima, unabaki na watu wa asubuhi ambao wamechoka na wanaangalia saa, akidi haitimii, mnaahirisha, na kuahirisha nako kunahitaji barua mpya. Kwa hiyo tarehe ya mkutano naipeleka kwa metroni na mainchaji (wasimamizi wa wodi) KABLA rosta ya mwezi haijapangwa. Wakishapanga umechelewa, utaanza kuomba watu wabadilishane zamu mmoja mmoja mpaka upoteze marafiki.

"Shikamoo mama." "Marahaba, umekuja na tarehe zako?" Ananijua. Nikampa ya mkutano wa uchaguzi na za vipindi vya CPD viwili. Vipindi huwa tunafanya mara mbili, asubuhi na jioni, somo lile lile, ila uchaguzi hauwezi kugawanywa, lazima watu wawe pamoja. Akasema atawaambia mainchaji wanakamati wote wawekwe asubuhi siku hiyo, "lakini usiniletee wodi tupu, mgonjwa akikosa mtu kwa ajili ya kura zenu nakuita wewe." Ni haki yake. Tukakubaliana kila wodi ibaki na watu wake na sanduku la kura lipite wodini, kama katiba ya tawi inavyoruhusu. Dakika ishirini nimetoka.

Kwenye ngazi nikamkuta yule binti anafunga mkoba. Sikumwambia gombea. Nimemuuliza hivi, mdogo wangu, siku ya kipindi cha CPD unaweza kukaa mlangoni na daftari, uandike majina na namba za leseni, jioni yake unitumie orodha? Ni mara moja kwa mwezi, hakuna kingine. Akasema "ntakujibu dada". Haya.

Saa 11 jioni

Sokoni, mchicha, nyanya, dagaa. Nyumbani. Homuweki ya kujumlisha, kilio, homuweki imeisha. Mume wangu ni dereva wa masafa, yuko njiani kwenda Tunduma, tumeongea kidogo. Huu muda siuuzi kwa mtu, hata mwenyekiti anajua akinipigia kati ya saa 11 na saa 2 usiku dada wa kazi ndo atapokea na atamwambia mama yuko jikoni, hata kama niko kwenye kochi.

Saa 2 usiku

Kikao cha kamati kwa simu. Sauti tu, hakuna kuwasha kamera, watu wamejifunga khanga wanatulia. Ajenda tatu, nusu saa, ikigonga saa 2 na nusu mwenyekiti anafunga hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Mhazini alikuwa zamu ya jioni kwa hiyo mchana alishatuma voisi ya mapato na matumizi tukaisikiliza wote.

Ajenda ya uchaguzi ilichukua kama dakika tano. Msiba dakika mbili. Iliyobaki yote ikaenda kwenye FULANA. Tarehe 12 Mei ni Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, na kila mwaka ukifika mwezi wa tatu tu vita ya rangi inaanza. Kuna wa bluu, kuna wa nyeupe, kuna anayetaka kola. Mi msimamo wangu wanaujua, hela ya fulana tukanunue vipimo tukakae stendi ya Msamvu tupime watu presha na sukari, maana pale utakuta dereva ana presha kubwa na anaendesha basi kwenda Mwanza na hajui. Wananiambia tufanye vyote viwili. Hela ya vyote viwili haipo. Saa 2 na nusu ikagonga, mwenyekiti akakata, nashukuru.

Saa 3 kasoro

Minits naandika usiku huo huo, kwenye daftari, kwa mkono: nani kapewa nini na mpaka lini. Maneno ya nani kasema nini nilishaacha kuyaandika, hakuna anayeyasoma na ndo yanayogombanisha watu. Nikapiga picha, nikatuma kwa kamati, nimemaliza. Ukiacha mpaka wikiendi utasahau nusu na nusu nyingine utaitunga.

Saa 3 na nusu

Kabla sijazima simu meseji ikaingia, yule binti. "Dada nimefikiria, daftari ntakaa nalo. Ila kugombea sigombei naomba usinilazimishe." Nikacheka peke yangu, maana kugombea sikuwa nimemtajia, kumbe wa tieta alishampa habari. Nikamjibu sawa mdogo wangu, anza na daftari.

Fomu ya katibu msaidizi bado iko kwenye pochi yangu imekunjwa mara nne, ijumaa saa 9:30 ndo mwisho. Kama uko tawini kwetu na unasoma hii, kazi ni jioni moja ya simu kwa mwezi, barua mbili tatu, na kunishikia tawi nikiwa likizo. Pa kunipata unapajua, ila sio leba.