Ekzosi ya mtumba

Juzi jirani yangu kaniuliza, kwa adabu zote, kama gari yangu ina mafua. Alikuwa amekaa barazani kwake na kikombe cha kahawa, hata macho hakuinua. Nikacheka, nikamwambia, "Hapana Ami, ni ekzosi mpya." Akasema, "Mpya?" Basi. Akanywa kahawa yake. Mimi nikaingia ndani na aibu zangu, maana mpya si mpya, ni mtumba, na yeye alishaijua kwa mlio tu.

Gari yenyewe ni Toyota Altezza RS200 ya 1999, gia za mkono. Kwao Japani ilichukua tuzo ya Gari la Mwaka 1998–1999, jambo ambalo huwa nalitaja hata kwa mtu asiyeuliza. Injini yake ni 3S-GE ya lita mbili, nguvu za farasi 210, lakini farasi hao hawatoki bandani wote mpaka mshale wa mizunguko ya injini ufike 7,600 kwa dakika. Sasa niambieni, Unguja hii 7,600 utaifikia wapi? Kisiwa kizima urefu wake kama kilomita 85, na kila baada ya skuli na msikiti kuna matuta. Kwa hiyo nisidanganye mtu hapa: mimi sikutafuta mwendo. Nilitafuta sauti. Ile ya kiwandani ilikuwa imenyamaza mno, gari kali inalia kama cherahani.

Mzigo ulitoka Dar kwa boti, umeviringwa viroba vya unga na kufungwa kamba mpaka ukafanana na maiti. Nilimpa muuzaji laki nne na nusu, na maneno yake yalikuwa, "Hii haijaguswa, kaka." Nikaufungulia uani. Bomba la milimita 60, tumbo moja kubwa la mviringo nyuma, lile la kupunguzia mlio, na juu yake kibati cha JASMA, kile cha chama cha watengenezaji wa ekzosi wa Japani. Pembeni kulikuwa na stika iliyochanika nusu, maandishi ya Kijapani, na chini ya tumbo mkwaruzo mrefu. Nilikaa kitako nikautazama mkwaruzo ule muda mrefu kuliko inavyostahili. Mtu fulani huko, usiku pengine, alipanda ukingo wa njia, akasikia kwaaa, moyo ukamdunda. Halafu akashuka kuinama na kuchungulia, kama ninavyofanya mimi.

Nikachukua sumaku ya friji ya Bi Mkubwa, ile yenye picha ya mlango wa Mji Mkongwe wanayouziwa watalii. Haikushika popote kwenye bomba, nikafurahi, stenlesi hiyo. Nikaingiza kidole mdomoni mwa ekzosi, kikatoka na masizi makavu, hayana mafuta, na hiyo nayo ni dalili njema kwa injini ilikotoka. Nilichokosea ni kuamini macho yangu kwenye rangi. Pale bomba linapoingia tumboni palipakwa rangi ya fedha, safi kuliko mahali pengine pote. Fundi alipofika alipakwangua kwa ncha ya bisibisi mara moja tu, ikabanduka puti, ile lipu ya kuzibia matundu ya bati. Chini yake, matundu mawili, ukubwa wa punje ya mchele. Nilimpigia muuzaji. Simu iliita mpaka ikachoka.

Fundi hakukasirika, alinitazama tu kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesahau daftari. Akasema stenlesi usiichomelee kwa welding ya kawaida ya mageti, itashika leo na mwakani mshono wote kutu. Tukaipeleka kwa kijana anayechomelea reli za ngazi za mahoteli, yeye ana mtungi wa agoni, gesi ya kuchomelea stenlesi. Dakika kumi, mshono umelala kama magamba ya samaki. Huyo kijana ndiye mtu pekee katika habari hii aliyefanya kazi yake bila ya maneno mengi.

Kuitoa ya zamani ndiyo ilikuwa vita. Gari iliyokaa pwani miaka yote hii, chumvi imeingia kila mahali. Nilikuwa nimepulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku mbili mfululizo. Nati ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali kwa kulalamika. Ya tatu fundi akaweka spana namba 14, akaichomekea kipande cha bomba ili apate nguvu, akavuta polepole, nikaona mshipa wa shingo umemsimama, halafu *tak!* Sauti ndogo sana. Stadi, ile bolti isiyo na kichwa inayoshika nati, imekatika ndani. Akabaki amelala chini ya gari, kimya, vumbi la kutu kwenye ndevu. Kisha akasema, "Lete chai." Saa nzima ikaishia kwenye kuitoboa kwa drili na kutia bolti. Raba za kuning'inizia nazo zilishakuwa ngumu kama kokwa la embe. Tukanunua nyengine, tukazipaka sabuni ya kuoshea vyombo, zikaingia bila ya kutukana mtu. Masega, yale ya kuchujia moshi, tuliyaacha mahali pake. Fundi alinidokeza kwamba nikiyatoa yana bei nzuri. Nikamwambia aendelee na kazi.

Kijana wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni, akaipima ekzosi ya zamani kwa mizani yake ya kuning'iniza: kilo 19. Tulikuwa tumeshaipima mpya: 14. Akataka kununua. Sikumuuzia, nimeiweka juu ya dari, na sikuwa na sababu ya maana siku ile.

Kabla ya kushusha jeki, fundi aliomba udi wa vijiti. Nilidhani anatania. Akauwasha mmoja, injini inanguruma yenyewe bila ya kukanyagwa mafuta, akawa anaupitisha taratibu kila kiungo, moshi ukipanda wima kama uzi. Kwenye gasketi ya mbele moshi ukayumba. Akarudi nyuma, akapita tena, ukayumba pale pale. Akakaza nati robo mzunguko, moshi ukasimama. Bi Mkubwa alitoka jikoni akauliza kuna nini, gari inafukizwa kama biharusi.

Sauti yake? Usiku ule, baada ya Isha, niliipeleka njia ya Fumba. Ilipopita 5,000 ilibadilika kabisa, kutoka kukoroma ikawa kama kitambaa kizito kinachanwa kwa mkupuo mmoja. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari, mtu mzima. Sitaki kuongeza hapo.

Tatizo ni kwamba maisha yangu hayaendi 5,000. Yanaendana na 2,500, gia ya nne, nyuma ya daladala, nikienda Nungwi kazini. Na hapo hapo kwenye 2,500 ekzosi hii inavuma. Injini ya pistoni nne inatoa mapigo mawili kila mzunguko, yaani kama mapigo 83 kwa sekunde, na boksi la gari linayapokea na kuyarudisha kama ngoma ya msondo. Kioo cha nyuma kinatetemeka, na meno nayo. Pamba ya kioo iliyomo tumboni, ambayo kazi yake ni kumeza mlio, imeshaungua na kupulizwa nje miaka mingi. Na chini ya mdomo kuna tundu dogo la bolti: hapo palikuwa na kizibo cha kupunguzia sauti. Kizibo kimebaki Japani, au Dar. Fundi kanichongea kingine kwa kipande cha bomba, kinasaidia, ila si alfajiri, injini ikiwa baridi na mizunguko iko juu.

Na zamu yangu inaanza asubuhi, lazima nitoke saa kumi na moja. Uchochoro wetu mwembamba, kuta zinapokezana mlio. Siku ya tatu ndipo Bi Mkubwa aliponiambia kwamba binti wa jirani amerudi kwao kujifungua, yuko katika arubaini, mtoto ana siku kumi na mbili. Mzee hakunitajia hata neno moja la mtoto. Aliuliza mafua tu.

Leo nimetoka nikaweka gia huru, nikaachia breki ya mkono, nikaanza kuisukuma gari kwa bega, mlango wazi, mkono mmoja kwenye usukani. Nusu ya uchochoro ikawa nyepesi ghafla. Nikageuka. Mzee yuko nyuma, kanzu ameikusanya kiunoni, kofia kichwani, anakwenda msikitini, mikono yote miwili kwenye buti. "Sukuma," akasema, "mimi na umri huu nisikuzidi."

Tulipofika barabarani akagonga bati mara mbili kama konda wa daladala, akajifuta mikono, akashika njia yake. Nikakaa gizani na ufunguo mkononi mpaka akakata kona, nikahesabu tena kidogo, ndipo nikawasha.