Dakika mbili za kadi

Sehemu ya kuzungumza ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huchukua dakika 11 hadi 14. Panapokwamisha wengi ni hatua ya pili: unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, kisha unazungumza peke yako mpaka dakika 2. Usiandike sentensi, hutamaliza. Andika maneno tu. Mada ikiwa chakula, tuseme urojo, ile supu yetu ya Zanzibar, pale Forodhani, yatosha: ukwaju, bajia, jioni, nani, kwa nini. Tega saa ya simu, jirekodi, usikilize. Hapo utalisikia kosa letu: Kiswahili kina “yeye” mmoja, basi mama anageuka “he”. Sauti ya “th” isikutishe. Sisi Wazanzibari tunayo tangu utotoni, kwenye thamani na dhahabu. Majibu ya kukariri yaache kabisa, mtahini huyatambua upesi.